Thelathini au Themanini: Maneno kwa Waendesha Redio wa Ridhaa Kabla ya Msimu wa Dhoruba

Ndugu zangu, dada zangu, na nyinyi wazee mliotutangulia hewani, ahsanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya mawasiliano ya dharura wakati wa dhoruba za theluji. Naomba nianze na kosa langu.

Katika zoezi la msimu uliopita nilikuwa mpokeaji. Upepo ulikuwa unavuma, mkono mmoja una glovu na mwingine hauna, na masikioni mkwaruzo haukatiki. Kituo cha hifadhi cha upande wa pili kikatuma ujumbe kwamba wanaomba mablanketi themanini. Mimi nikaandika thelathini. Sikumsomea mtumaji nilichoandika. Nikasema "nimepokea, ova", nikaupeleka ujumbe mbele. Kwa kuwa lilikuwa zoezi, hakuna aliyedhurika. Lakini fanyeni hesabu: themanini toa thelathini ni watu hamsini ambao wangekesha wakitetemeka, na hapo redio yangu ilikuwa nzima, betri imejaa, antena imesimama sawasawa.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue redio gani, namuuliza kwanza mara ya mwisho kuandika ujumbe kamili, wenye namba na saa na sahihi, ilikuwa lini. Leo nitavisema vyombo, tena kwa kirefu, kwa sababu baridi huvitesa kwa njia ambazo lazima tuzijue. Ila nitavisema huku nikiyakumbuka mablanketi yale hamsini.

Dhoruba ya baridi haifanani na tetemeko la ardhi. Tetemeko hupiga mara moja, na watu hutoka nje. Dhoruba huwafungia watu ndani, hufunga barabara, huangusha nyaya, halafu hata theluji ikiisha kuanguka, ule ubaridi unabaki palepale ukiwala waliomo ndani ya nyumba zisizo na moto. Januari 1998 mvua inayoganda ilinyesha siku kadhaa mfululizo mashariki mwa Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kuna sehemu zilizopata zaidi ya milimita 80 za mvua hiyo, na kila tone lililogusa waya liligeuka barafu juu ya barafu. Minara ya chuma ya umeme wa msongo mkubwa ilianguka kwa mamia, nguzo za mbao kwa maelfu, na kusini mwa Montreal kuna miji iliyokaa gizani kwa wiki kadhaa. Februari 2021 ikawa zamu ya Texas, mahali ambapo wengi hawakudhani baridi ingeweza kufika kiasi kile. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 zilikosa umeme, na idara ya afya ya jimbo ikahesabu vifo 246, sehemu kubwa kwa sababu ya baridi yenyewe. Wengine walikufa kwa gesi ya kaboni monoksidi, baada ya kuwasha jenereta, jiko la mkaa au injini ya gari karibu na walipolala. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Jenereta ya kituo chako ikae nje, mbali na milango na madirisha. Juu ya hilo sina mjadala na mtu.

Sasa, kwa nini simu hufa? Mnara wa simu una betri za kuuweka hai kwa saa kadhaa. Baadhi ya minara ina jenereta. Jenereta inataka mafuta, mafuta yanataka gari, gari linataka barabara, na barabara imezibwa na theluji na miti iliyoanguka. Ndiyo maana mara nyingi siku ya kwanza ya dhoruba simu inafanya kazi na watu wanatuona sisi wa redio kama tuna wasiwasi usio na sababu. Kazi yetu huanza siku ya pili. Nawaomba mlizingatie hilo katika kupanga zamu: usiwachoshe watu wako wote usiku wa kwanza, wakati bado kila mtu anaweza kupiga simu.

Nije kwenye betri, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nimeona vituo vingi vikifia. Redio ya mawimbi mafupi ya wati 100 hula takriban ampea 20 inaporusha, na takriban ampea 1 inaposikiliza tu. Tuseme una betri ya ampea-saa 20, na katika kila saa unazungumza dakika sita. Utakula karibu ampea-saa 3 kwa saa. Ukiipiga hesabu ukiwa sebuleni unapata saa sita na ushee, unaridhika, unakwenda kulala. Lakini kama ni betri ya risasi na asidi, na imekaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, uwezo wake unakaribia kuwa nusu. Saa sita zimekuwa tatu. Tena itakuangusha kwa namna ya kuudhi. Redio nyingi zimetengenezwa kwa volti 13.8 na hazitaki kushuka chini ya 11.7 hivi. Kwenye baridi unasikia kila kitu vizuri, unafurahi, ukibonyeza kitufe ili useme, volti zinaporomoka na redio inazimika. Ukiiwasha tena, unasikia watu wakikuita na huwezi kuwajibu.

Dawa ya kwanza ni kupunguza nguvu. Kutoka wati 100 hadi wati 25, anayekusikia ataona mita yake ya nguvu ya mawimbi imeshuka alama moja tu. Alama moja! Kwa kituo kilicho karibu hiyo si hasara hata kidogo, na betri itakushukuru. Dawa ya pili ni kuiweka betri ndani, penye joto la watu, ndani ya sanduku lililozungushiwa sponji au blanketi kuukuu, huku redio nayo ikiwa karibu yake kwa waya mfupi na mnene. Betri ya risasi usiiache nje ikiwa imeisha: asidi yake inakuwa karibu na maji matupu, huganda na kupasua kasha. Iliyojaa haigandi kirahisi hivyo.

Wenye betri za lithiamu, zile za chuma na fosfati ambazo sasa ndizo zinazopendwa, nisikilizeni zaidi. Zinatoa umeme vizuri hata kukiwa na baridi, na ni nyepesi kubeba. Lakini kuzichaji zikiwa chini ya nyuzi sifuri ni kuziua. Lithiamu hujipaka ndani ya seli kama metali badala ya kuingia mahali pake, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kwa hiyo yule anayepanga kuweka sola nje na betri chini yake ndani ya theluji, abadilishe mpango leo. Sola ikae nje, betri ikae ndani. Betri nyingine zina kinga ya kukataa chaji kwenye baridi. Soma maelezo yake kabla ya msimu, usije ukajua usiku wa dhoruba kwamba yako haina.

Redio ya mkononi nayo ina tabia zake. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na kifua. Ukiingia na redio kutoka nje kwenda chumba chenye joto, usiitoe mara moja. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu, la sivyo unyevu utatanda juu ya saketi zake kama umande. Kioo cha namba kitaonekana kizito, herufi zinachelewa kubadilika. Hiyo si hitilafu, ni baridi. Na beba penseli. Wino wa kalamu huganda au hukataa kutoka, penseli huandika tu. Nimeona mtu mwenye kituo cha thamani kubwa akiazima penseli ya mtoto ili aandike ujumbe wa dharura.

Viungio vya kebo vijaribu ukiwa umevaa glovu zilezile utakazovaa usiku huo. Ukishindwa kukaza kiungio na glovu, utaivua, na kidole kitupu kwenye chuma baridi penye upepo hakidumu. Kidole kikianza kufa ganzi, mwandiko wako unaharibika kabla hujatambua. Nadhani ndivyo themanini yangu ilivyogeuka, kwa sehemu: nilikuwa naharakisha ili nirudishe mkono kwenye glovu.

Kuhusu antena, kosa la kawaida ni kuivuta waya mpaka inalia kama uzi wa zeze. Barafu ikiishika, waya mwembamba unakuwa mnene kama kamba ya meli, na uzito huo, ukichanganyika na upepo, utakata waya au utang'oa nguzo. Iache ilegee kidogo. Upande mmoja ipitishe kwenye roda yenye uzito unaoning'inia, ili mti ukiyumba uzito upande na kushuka. Na weka kipande kimoja dhaifu cha kamba mahali unapopajua, kitakachokatika kwanza, ili kinachoanguka kiwe waya peke yake. Theluji mbichi ikiganda kwenye antena ya masafa ya juu, itabadilisha mwafaka wake na mawimbi mengi yatarudi kwenye redio badala ya kutoka, mita itakuonyesha. Theluji kavu inayopeperushwa na upepo ina balaa jingine: kila chembe huugusa waya na kuuachia chaji ya umeme, na sikioni unasikia mkwaruzo unaopanda na kushuka na upepo. Antena isiyotumika itenganishwe na redio na iunganishwe na ardhi.

Halafu kuna jambo ambalo wageni wetu huliona la ajabu. Mwaka mzima tunasifia antena zilizo juu sana. Kwenye dhoruba ninayoitegemea mimi ni antena ya chini, mita tatu hadi tano kutoka ardhini, ambayo mtu mmoja anaweza kuisimamisha bila kupanda mti wenye barafu. Katika megahezi 3.5 na 7 mawimbi yake hupanda karibu wima, hukutana na tabaka la ioni angani, na hushuka juu ya eneo lote la kilomita mia chache kuzunguka kituo. Mlima hauyazuii, kwa kuwa hayapiti ubavuni pake, yanatoka juu. Huhitaji ripita, yaani kile kituo kinachopokea sauti zetu na kuzirusha tena mbali zaidi, huhitaji intaneti. Mchana mara nyingi megahezi 7 zitakufaa. Jua likizama, na wakati wa baridi linazama mapema, tabaka lile linadhoofika, mawimbi ya megahezi 7 yanapita juu ya vichwa vya majirani na kutua mbali, nawe unaanza kusikia nchi za watu huku kituo cha wilaya ya pili hakikusikii. Hapo shuka 3.5, tena shuka kabla hamjapotezana. Saa ya kuhama iandikwe kwenye karatasi ya kila mmoja. Baridi imetupa zawadi moja hapo: radi ni chache kuliko msimu wa joto, kwa hiyo masafa hayo ya chini yanakuwa matulivu zaidi.

Ripita zetu za masafa ya juu tutazitumia zikiwa hai. Panga kana kwamba zimekufa. Kila eneo liwe na masafa ya kuongea moja kwa moja, na liwe limepimwa kwa mguu, si kwa ramani: nani anamsikia nani kutoka jikoni kwake.

Sasa nirudi kwenye ujumbe. Lugha yetu ni tamu, lakini kwenye mkwaruzo ina mitego yake. Thelathini na themanini huanza sawa na huisha sawa. Sita na tisa zina herufi zilezile, ni s na t tu zilizobadilishana nafasi. Kwa hiyo kwenye mtandao wetu wa redio namba haitajwi kama inavyotajwa sokoni. Tunasema tarakimu moja moja: nane, sifuri. Na ikiwa ni sita au tisa, mtumaji ahesabu kutoka moja hadi afike hapo, ndipo anyamaze. Inachukua sekunde tatu zaidi, na mimi niko tayari kukaa hewani sekunde tatu zaidi maisha yangu yote.

Ujumbe uwe na namba yake, kiwango cha uharaka, kituo ulikotoka, idadi ya maneno, saa na tarehe, unakokwenda, maneno yenyewe, na sahihi ya aliyeutoa. Idadi ya maneno wengi huiona urembo, kumbe ndiyo kinga yetu. Mtumaji akisema maneno kumi na nne na wewe umeandika kumi na tatu, kuna neno limeanguka njiani, na mnalitafuta kabla ya kuachana. Kisha mpokeaji anausoma ujumbe wote kwa sauti, kama alivyouandika, si kama anavyoukumbuka. Hapo ndipo mimi nilipoanguka. Hesabu ya maneno isingeniokoa, kwa sababu neno moja liliingia mahali pa neno moja. Kuusoma kungeniokoa.

Na usiuboreshe. Msimamizi wa kituo cha hifadhi akiandika "tunataka dizeli lita 40 kabla ya alfajiri", usitume "tunahitaji mafuta haraka". Dizeli si petroli, na anayepakia gari kule anahitaji kujua lita ngapi na saa ngapi. Sisi ni matarishi. Tarishi hafungui barua akaongeza lake.

Uharaka nao tuuheshimu. Ujumbe wa kuokoa maisha hupita mbele ya kila kitu, na mtandao mzima hunyamaza. Baada yake yanakuja mambo ya kipaumbele yenye muda maalumu, kisha habari za ustawi wa watu, yaani fulani yuko salama au ndugu zake wanamtafuta, kisha ya kawaida. Nimesikia mitandao ambayo kila ujumbe unaitwa wa dharura. Msimamizi akisikia hivyo mara tano, mara ya sita hataharakisha, na huenda ya sita ndiyo yenyewe.

Kumbukeni pia kwamba hewani hakuna siri. Katika nchi nyingi sheria haituruhusu kuficha maneno yetu kwa misimbo, na mtu yeyote mwenye redio anaweza kutusikiliza. Kwa hiyo jina la mgonjwa na ugonjwa wake visisomwe pamoja. Mkubaliane mapema na wauguzi na wasimamizi wa vituo watumie namba za orodha. Hili lisipokubaliwa kabla, usiku wa dhoruba muuguzi aliyechoka atakupa karatasi yenye kila kitu, nawe utaisoma.

Kisheria nafasi yetu inatambuliwa. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, tangu mkutano wa 2003, zinazihimiza serikali ziwawezeshe waendesha redio wa ridhaa kujiandaa na kusaidia mawasiliano ya maafa. Lakini kutambuliwa si ruhusa ya kujipeleka. Mtu asiondoke kwake na gari na redio kwa sababu amesikia king'ora. Anayehitajika ataitwa, atapewa mahali, na atakwenda na mwenzake. Ukikwama njiani umeongeza kazi moja kwa waokoaji ambao tulikuja kuwasaidia.

Kabla ya hapo kuna nyumba yako. Kama mama yako mzee amekaa chumba cha pili bila moto, akili yako haitakuwa kwenye ujumbe wa mtu mwingine, na si haki kukudai iwe hapo. Maji, chakula, nguo, kuni au gesi, dawa za wiki mbili: hivyo ni sehemu ya kituo chako kama ilivyo antena. Mfundishe mmoja wa nyumbani kuwasha redio na kusema kwa utulivu yuko wapi na anahitaji nini. Unaweza kuwa wewe ndiye uliyeanguka kwenye barafu mlangoni.

Wengine wenu mnashiriki yale mazoezi ya kimataifa ya wikendi ya mwisho kamili ya Januari, ambapo watu hutoka nje kwa makusudi na kurusha kwa betri. Endeleeni. Ila hatuwezi kungoja Januari, kwa hiyo nimeelewana na viongozi tufanye letu Jumamosi ijayo. Saa kumi na mbili jioni kila mmoja atazima swichi kuu ya umeme nyumbani kwake, isipokuwa mwenye mgonjwa anayetegemea mashine. Huyo aache umeme wake na ashiriki kwa betri tu. Hakuna simu, hakuna intaneti, hakuna ripita. Tutaanza kwenye masafa ya moja kwa moja, saa mbili usiku tutahamia megahezi 3.5. Redio zote wati 25 au chini ya hapo.

Kila mmoja atapewa leo, mlangoni, bahasha yenye ujumbe mmoja, na hataifungua mpaka jioni hiyo. Atautuma akiwa nje ya nyumba, amesimama, amevaa glovu, anaandika kwa penseli. Karatasi za waliotuma na za waliopokea tutaziweka mezani bega kwa bega Jumapili asubuhi na kuzilinganisha neno kwa neno. Bahasha nimeziandika mwenyewe. Zina sita nyingi, tisa nyingi, na mablanketi ya kila idadi.

Wa safu ya mbele mnaweza kuanza kuzichukua.